Picha moja ya shingo, ushauri wa aina mbili: je, nipige MRI nyingine yenye nguvu zaidi?

Mwalimu wa Songea aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 52. Kwa miezi minne sasa nasumbuliwa na maumivu ya shingo yanayoshuka bega la kulia, yakapita upande wa nje wa mkono na kuishia katika kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole hivyo viwili vina ganzi ambayo haiondoki, na huzidi ninapoinua uso kuandika sehemu ya juu ya ubao.

Nilipigwa eksirei, nikaambiwa nina mifupa iliyochongoka kutokana na umri. Dawa za maumivu zilipokosa kunisaidia nilisafiri kwenda kupigwa MRI katika kituo kimoja cha binafsi, chenye mashine ambayo haimfuniki mtu pande zote. Ripoti inataja mambo mengi kiasi kwamba nilipomaliza kuisoma nilijiona kama mtu asiye na shingo. Inasema kwamba diski (mito laini iliyo kati ya mifupa ya shingo) zimepoteza maji na zimetuna katika ngazi tatu, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano, ya tano na ya sita, na ya sita na ya saba; kwamba tundu la kupitishia neva limebana upande wa kulia kati ya pingili ya tano na ya sita; kwamba njia ya ugwemgongo (mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mifupa hiyo) imepungua upana wake; na mwishoni ipo sentensi iliyoninyima usingizi, isemayo kuwa katikati ya ugwemgongo kuna mstari mwembamba mweupe ambao huenda ni mfereji wa maji usio wa kawaida.

Daktari wa kwanza alitazama ripoti kwa dakika chache akasema nifanyiwe upasuaji mapema iwezekanavyo. Wa pili alisema nitumie dawa, nifanye mazoezi tiba na nivute subira. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kumpeleka mtoto India kwa matibabu, ananishauri nisimsikilize yeyote kati yao hadi nipigwe picha mpya kwa mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku yake), pamoja na picha maalumu ya neva ambayo anasema huonyesha kila mshipa wa fahamu kama waya. Gharama yake inakula mishahara yangu ya miezi kadhaa, na kabla sijauza chochote ningependa kujua: picha hiyo itanipa jibu ambalo hii niliyo nayo haina? Na huo mstari mweupe ni wa kuogopa kiasi gani?

Mpiga Picha za Tiba alijibu:

Pole sana, Mwalimu. Kazi yangu ya kila siku ni kuendesha mashine hizi, si kutibu, kwa hiyo nitajibu upande wa picha na kuwaachia madaktari upande wa mkono wako.

Nianze na neno, maana limewahi kuleta mkanganyiko hata katika chumba chetu. Wengi huita vitu viwili kwa jina moja la uti wa mgongo, yaani mnyororo wa mifupa na ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake. Umefanya vizuri kuvitenganisha, nami nitakufuata: mifupa ni pingili, na mshipa mkuu ni ugwemgongo. Shingo ina pingili 7 lakini ina jozi 8 za neva, kwa sababu kila neva ya shingo hutoka juu ya pingili inayobeba namba yake, isipokuwa ya nane inayotoka chini ya pingili ya saba. Neva ya sita basi hupita kati ya pingili ya tano na ya sita, nayo ndiyo inayofikisha hisia katika kidole gumba na cha shahada. Umeona jinsi malalamiko yako na mstari mmoja wa ripoti vinavyokutana.

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa kuzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili, kisha huzitikisa kwa mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi wake zinaporudi mahali pake. Katika mashine ya Tesla 1.5 mawimbi hayo yana masafa ya takriban megahezi 64, ukoo mmoja na yale yanayokuletea redio nyumbani, na ndiyo sababu chumba chetu hufunikwa shaba au chuma chembamba ili matangazo ya nje yasiingie katika picha. Kadiri sumaku ilivyo na nguvu ndivyo mwangwi unavyosikika vizuri juu ya makelele. Mashine ya wazi unayoieleza kwa kawaida huwa na Tesla 0.2 hadi 0.4 au zaidi kidogo. Ni msaada mkubwa kwa watu wanene, watoto na wanaoogopa kufungiwa, na kwa goti au kiuno mara nyingi hutosha. Shingo ni kazi ngumu zaidi. Ugwemgongo wenyewe una unene wa takriban milimita 8 tu kutoka mbele kwenda nyuma, na matundu ya neva ni madogo tena yamekaa mshazari, yakielekea mbele na pembeni kwa takriban nyuzi 45, hivyo picha iliyokatwa kwa urefu wa mwili huyapita kombo. Vipande vikiwa na unene wa milimita 4 au 5, tundu zima linaweza kuangukia ndani ya vipande viwili tu.

Sasa huo mstari mweupe. Sijaiona picha yako, kwa hiyo nakueleza jambo la jumla. Kompyuta huijenga picha ya MRI kutokana na idadi yenye kikomo ya vipimo. Pale ambapo kitu cheupe sana kinapakana ghafla na kitu cheusi, kama maji yanayouzunguka ugwemgongo, hesabu hizo huacha viwimbi sambamba na mpaka, mfano wa mawimbi madogo pembeni mwa mtumbwi. Viwimbi kutoka mbele na kutoka nyuma hukutana katikati ya ugwemgongo na kuchora mstari unaofanana kabisa na mfereji wa maji. Tunaita hilo kosa la Gibbs, nalo hupenda shingo, hupenda picha za urefu, na hupenda picha zilizopigwa kwa haraka zenye vipimo vichache. Namna ya kulitambua ni rahisi: tazama picha zilizokatwa kwa upana, kama vipande vya muhogo. Mfereji wa kweli utaonekana kama tundu la mviringo katikati ya kila kipande. Kosa la Gibbs halitaonekana, na likipigwa tena kwa vipimo vingi zaidi hupungua au hutoweka. Hata mfereji wenyewe ukiwepo kweli, mwembamba wa milimita moja au mbili bila uvimbe wowote, mara nyingi ni masalia ya mfereji wa asili tuliozaliwa nao.

Kuhusu Tesla 3, usidhani kwamba mara mbili ya Tesla 1.5 ni mara mbili ya ukweli. Sumaku hiyo hukuza pia usumbufu: mapigo ya mishipa ya damu ya shingo, mtiririko wa maji ya ugwemgongo, kumeza mate, na kivuli cha chuma chochote kilicho jirani. Mashine nzuri ya Tesla 1.5 inayoendeshwa na mtu anayeijua, kwa vipande vya milimita 3 au chini yake, na picha moja ya pande tatu inayoweza kugeuzwa kufuata mshazari wa matundu, inatosha kwa karibu kila swali la shingo kama lako.

Ukirudia, vua kila kitu: heleni, pini za hijabu kwa kina mama, nywele za kusuka zenye nyuzi za chuma, na hirizi. Nasema hirizi kwa heshima zote, maana wengi huona haya kuitaja na kijaluba chake mara nyingi ni cha chuma. Kama umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni au umewekewa kifaa cha moyo, sema kabla ya kufika mlangoni. Mashine inapogonga, usimeze mate, subiri inyamaze.

Daktari wa Zamu alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefurahi kwamba mwenzangu wa picha amelieleza jambo la Gibbs, kwa sababu nimeona wagonjwa waliobeba hofu hiyo kwa miaka.

Mimi naomba tuigeuze namna ya kuuliza. Umeuliza ni picha gani itatoa jibu, nami nauliza ni swali gani lililoulizwa na picha ya kwanza. Katika maelezo yako marefu sijaona mahali ambapo daktari yeyote kati ya hao wawili amekugonga magoti kwa kirungu, amepima nguvu za mkono au amekutazama ukitembea. Bila hayo, ripoti ya MRI ni orodha ya vitu vilivyomo shingoni mwa mtu wa miaka 52, na kila mtu wa miaka 52 anayo orodha. Watafiti wa Japani walipiga MRI za shingo kwa watu 1,211 wasio na malalamiko yoyote, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2015 watu 87.6 kati ya kila 100 walikuwa na diski zilizotuna. Hata miongoni mwa vijana wa miaka ya ishirini, zaidi ya 70 katika kila 100 walikuwa nazo. Kwa hiyo kutuna kwa diski katika ngazi tatu hakunishtui.

Kinachonivutia ni mambo mawili ambayo ripoti yako imeyapita haraka. La kwanza ni tundu lililobana kulia kati ya pingili ya tano na ya sita, kwa kuwa linaafikiana na vidole vyako. Hilo ni tatizo la shina la neva, na habari njema ni kwamba wengi wa wenye tatizo hilo hupata nafuu bila kisu. Ufuatiliaji uliofanyika Rochester, Minnesota, kwa wagonjwa 561 waliogunduliwa kati ya mwaka 1976 na 1990 ulionyesha kwamba takriban robo yao ndio waliopasuliwa, na mwishoni wagonjwa 9 katika kila 10 hawakuwa na dalili au walikuwa na usumbufu mdogo. Kama tatizo lako ni hilo pekee, daktari wako wa pili yuko sahihi.

La pili ni ile sentensi fupi kwamba njia ya ugwemgongo imepungua upana. Imepungua hadi milimita ngapi? Katika mtu mzima njia hiyo huwa na milimita 17 hivi. Ikishuka chini ya 13 tunaanza kuiita nyembamba, na chini ya 10 ugwemgongo hauna tena pa kujitanua. Je, bado yapo maji meupe mbele na nyuma yake, au umebanwa pande zote? Ugwemgongo wenyewe una doa jeupe katika picha za aina ya T2, yaani zile ambazo maji hung'aa? Doa la namna hiyo, likionekana pia katika vipande vya upana, ndilo linalobadilisha mazungumzo, maana ni dalili kwamba ugwemgongo umeanza kuumia.

Naomba unijibu haya kwa uaminifu, hata kama yanaonekana hayahusiani na shingo. Unafunga vifungo vya shati kama zamani? Mwandiko wako umebadilika? Unatembea bila kuyumba, hasa gizani? Ukiinamisha kichwa unahisi kitu kama umeme ukishuka mgongoni? Haja ndogo inatoka kama kawaida? Kisha kaa kitini, nyoosha mkono, ufunge na kufungua ngumi kwa kasi uwezavyo kwa sekunde 10 na uhesabu. Mtu mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Ongeza pia kama umepata homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, kwa sababu katika nchi zetu kifua kikuu cha pingili, ambacho Percivall Pott alikieleza Uingereza mwaka 1779, bado kipo, nacho ndicho kingenifanya niombe picha yenye dawa ya gadoliniamu, inayochomwa mshipani ili kung'arisha picha. Kwa diski peke yake dawa hiyo haihitajiki.

Mama Cherehani alijibu:

Pole, Mwalimu. Mimi nashona tangu nikiwa binti na shingo imenisumbua miaka mingi. Nilikwenda kwa mkandaji, akaizungusha shingo mara moja ikalia ka!, na ganzi ya mkono ikaisha wiki ile ile. Usikimbilie mashine kabla ya kujaribu.

Daktari wa Zamu alijibu:

Dada yangu, nafurahi kwamba ulipona, na kukandwa misuli kwa mafuta ya uvuguvugu sina ugomvi nako. Lakini kuzungushwa shingo kwa nguvu namkataza Mwalimu kabisa hadi tujue upana wa njia ya ugwemgongo. Shingo iliyobana ikizungushwa ghafla inaweza kumwacha mtu hana mikono wala miguu, na mishipa ya damu inayopanda ubongoni kupitia ndani ya pingili inaweza kuchanika. Ganzi ya fundi cherehani pia huenda haikutoka shingoni. Neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono huleta ganzi katika vidole hivyo hivyo, pamoja na cha kati, na mara nyingi humwamsha mtu usiku.

Bodaboda Mstaafu alijibu:

Naomba nichangie kuhusu hiyo picha ya neva, kwa kuwa mimi nimepigwa.

Niligongwa nikiwa kwenye pikipiki nikatupwa, bega likafika chini kabla ya mwili, na tangu dakika ile mkono wa kushoto ukawa unaning'inia kama nguo kwenye kamba. MRI ya kawaida ya shingo haikuonyesha tatizo la diski lolote. Daktari bingwa alinieleza kwamba neva zikishatoka katika matundu ya shingo hukutana, hugawanyika na kuungana tena kati ya shingo na kwapa, na picha ya kawaida ya shingo inaishia kabla ya hapo. Swali lake lilikuwa moja: neva zimeng'oka kwenye ugwemgongo wenyewe, au zimevutika na kukatikia mbele? Zikiwa zimeng'oka, haziwezi kushonwa pale pale, na mtu huazimiwa neva kutoka kwingine. Zikiwa zimekatikia mbele, zinaweza kuunganishwa. Picha ya neva ilionyesha mifuko ya maji iliyobaki mahali ambapo mashina mawili yalikuwa yameng'oka, na hapo ndipo mpango wa upasuaji ulipopatikana. Aliniambia pia kwamba hatuna muda wa kupoteza, kwani misuli isiyo na neva hufa polepole, na upasuaji wa namna hiyo hutakiwa ufanyike ndani ya miezi michache ya mwanzo.

Sasa, Mwalimu, wewe hukugongwa. Swali ambalo picha ile ilinijibu wewe huna.

Mpiga Picha za Tiba alijibu:

Bodaboda amesema kwa ufupi kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze historia kidogo tu. Njia ya kupiga picha za neva kwa MRI ilielezwa mwaka 1993 na Aaron Filler, Franklyn Howe na wenzao katika jarida la Lancet. Siri yake ni kuzima mwangaza wa mafuta na wa damu inayopita, ili maji machache yaliyomo ndani ya neva yabaki yaking'aa peke yake. Neva iliyovimba hung'aa kupita jirani zake. Inafaa kwa majeraha ya bega, uvimbe wa neva, madhara ya mionzi ya saratani ya matiti na mikwamo isiyoeleweka iliyo mbali na pingili. Neva ikibanwa ndani ya tundu la shingo, MRI nzuri ya kawaida huliona tundu lenyewe.

Kuna pia picha zinazofuata mwendo wa maji ndani ya nyuzi za ugwemgongo na kuzichora kwa rangi. Zinapendeza sana kwenye mabango ya mikutano. Katika ugwemgongo wa shingo bado ni nyenzo ya utafiti zaidi kuliko ya kuamulia tiba, kwa hiyo ukiuziwa kwa bei ya ziada, uliza itabadilisha uamuzi gani.

Mwalimu wa Songea alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimekaa na maswali ya Daktari kwa siku mbili kabla ya kuandika, maana yamenionyesha mambo ambayo nilikuwa nayaficha hata mimi mwenyewe.

Homa sina, jasho la usiku sina, uzito ni ule ule. Haja ndogo inatoka, ingawa siku hizi ikinishika siwezi kusubiri kipindi kiishe. Vifungo vya mikono ya shati hufungwa na mke wangu tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nilidhani ni kwa sababu ya ganzi ya mkono wa kulia, lakini nilipojaribu kufunga kifungo cha kulia kwa mkono wa kushoto, ambao hauna ganzi, nilishindwa pia. Wanafunzi wa darasa la sita wameanza kuniuliza herufi ninazoandika ubaoni. Njia ya kutoka shuleni kwenda kwangu ina mteremko, na jioni kiza kikiingia nahisi kama natembea juu ya godoro, hata nimeanza kushika ua wa jirani. Ngumi nimehesabu mara 14 mkono wa kulia na 15 wa kushoto. Nimerudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Katika ripoti hakuna idadi ya milimita popote.

Daktari wa Zamu alijibu:

Asante kwa uaminifu, Mwalimu. Majibu hayo yanabadilisha ushauri wangu, nami nitakuambia kwa nini bila kukutisha.

Neva moja iliyobanwa upande wa kulia haiwezi kuudhoofisha mkono wa kushoto, wala kuyumbisha miguu, wala kuharakisha haja ndogo. Kitu kimoja kinachoweza kuyafanya yote hayo ni kubanwa kwa ugwemgongo wenyewe, mahali ambapo nyuzi za mikono na za miguu zinapita pamoja. Kwa kawaida huanza hivyo hivyo, kimyakimya, pasipo maumivu makali, na mtu husingizia umri. Sisemi kwamba unao ugonjwa huo. Nasema sasa swali limepatikana, na ni la haraka. Usisubiri likizo ya shule.

Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo au daktari wa mishipa ya fahamu, iwe ya rufaa ya kanda au MOI, yaani Taasisi ya Mifupa, pale Muhimbili. Mwambie habari ya vifungo, mwandiko, mteremko na haja ndogo kabla hujamwonyesha karatasi yoyote, kwa sababu ukianza na karatasi yeye pia ataanza na diski zilizotuna. Akikuagiza MRI mpya, ya Tesla 1.5 inatosha, na karatasi ya maombi iandikwe wazi kwamba inashukiwa kubanwa kwa ugwemgongo wa shingo. Yule anayesoma picha akijua swali, atapima milimita na atalitafuta doa. Huenda akataka pia eksirei ya shingo ukiinama na ukiinua uso, kwa kuwa ndani ya MRI umelala na shingo imetulia, na pingili inayoteleza ukisimama haitaonekana hapo. Au sitiskani (CT scan), ambayo huonyesha mfupa na kano iliyogeuka mfupa kuliko MRI. Kola ya shingo unaweza kuvaa safarini. Kaa mbele kwenye basi na uepuke viti vya nyuma kabisa, maana barabara unaijua.

Fedha za ile picha aliyoishauri shemeji ziweke.

Mwalimu wa Songea alijibu, baada ya wiki tatu:

Nimerudi kuwapa habari. Daktari niliyempata hakuomba picha mwanzoni. Alinigonga magoti, miguu ikaruka kwa namna iliyonishangaza mimi mwenyewe. Alibinya ukucha wa kidole changu cha kati na kuuachia ghafla, na kidole gumba kikajikunja bila mimi kukiamuru, mkono wa kulia na wa kushoto. Alinitembeza kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, nikashindwa hatua ya tatu. Akanipa alama 13 katika kipimo ambacho mtu mzima wa afya hupata 18, akasema hiyo ni daraja la kati.

MRI mpya imepigwa kwa Tesla 1.5, na safari hii ripoti ni nusu ukurasa. Mstari mweupe haupo. Waliutafuta katika vipande vya upana na hawakuuona, wakaandika kwamba ule wa kwanza ulikuwa kosa la picha. Lakini kati ya pingili ya tano na ya sita njia ya ugwemgongo imebaki milimita 8, maji hayaonekani mbele wala nyuma, na upo weupe katika T2 unaoanzia hapo hapo. Nimejikuta nacheka ofisini mwa daktari, kwa sababu nililokosa usingizi kwa ajili yake halipo, na lililopo lilikuwa limeandikwa katika karatasi ya kwanza kwa maneno machache.

Amenishauri upasuaji wa kuondoa diski kwa mbele na kuunganisha pingili hizo mbili. Ameniambia wazi kwamba lengo la kwanza ni kuzuia hali isiendelee, na kwamba yatakayorudi hayawezi kuahidiwa kabla. Nimekubali. Ninachouliza sasa ni kidogo: je, ile picha ya kwanza niitupe?

Mpiga Picha za Tiba alijibu:

Usiitupe, Mwalimu. Beba zote mbili, na usibebe karatasi na filamu tu. Omba diski ya kompyuta au kifaa chenye picha zenyewe zote, maana filamu moja huwa na vipande vilivyochaguliwa na daktari wa upasuaji atataka kuvipitia vyote kimoja baada ya kingine. Ijaribu kwenye kompyuta kabla hujaondoka kaunta, kwa kuwa nyingine hutoka tupu. Andika juu yake tarehe na nguvu ya sumaku. Baada ya upasuaji utaulizwa pia chuma kilichowekwa ni cha aina gani. Siku hizi karibu vyote ni titani na unaweza kuingia tena kwenye MRI, lakini omba kadi yake na uihifadhi pamoja na kadi ya bima.

Daktari wa Zamu alijibu:

Nakutakia upasuaji wa heri, Mwalimu. Wiki sita baadaye hesabu tena zile ngumi, mkono mmoja mmoja, na uandike idadi hapa.